Mjadala: Foleni za sukari tumbebeshe Nyerere, maduka kujaa tumpe Mwinyi?

Ikitajwa miaka ya 1980, wengi humalizia hivi: Nyerere alitupanga foleni ya sukari na sabuni, Mwinyi akaja na ruksa, maduka yakajaa. Mimi napinga hesabu hiyo.

Tuanze na maduka. Bajeti ya 1984, Msuya akiwa Waziri wa Fedha na Nyerere bado Ikulu, ndiyo iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Mwinyi aliapishwa Novemba 1985, bidhaa zimeshaanza kuingia. Sifa yake iko kwingine, na ni kubwa: mwaka 1986 alikubaliana na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao mtangulizi wake alivutana nao kwa miaka, na shilingi ikashushwa thamani. Aliyafanya hayo Nyerere akiwa bado mwenyekiti wa chama! Ule ulikuwa ujasiri, na hausemwi vya kutosha.

Sasa foleni. Mafuta yalipanda bei 1973, yakapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata Amin akavamia Kagera, na vita ikala fedha za kigeni tulizokuwa nazo. Kumtwisha Nyerere haya ni kumwonea. Kwa kipimo hichohicho, neema ya kahawa ya 1976 na 1977 tusiihesabu kuwa kazi yake, maana bei ilipandishwa na baridi kali iliyoua mibuni Brazil.

Ila wanaomtetea wamezoea kujificha nyuma ya Amin. Vyama vya ushirika vilifutwa 1976, kabla ya vita, na mkulima akaachiwa mamlaka za mazao, mashirika ya serikali yaliyonunua mazao, zilizomlipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa wasirudi. Hayo hayakutoka Uganda wala kwenye soko la mafuta. Yaliamuliwa hapa, na ushirika ukaja kurudishwa kwa sheria ya 1982, mkulima ameshakata tamaa.

Naziuliza pande zote mbili: bila vita, foleni zisingekuwepo? Nasema zingekuwepo, fupi kidogo, kwa sababu ya uamuzi ule wa 1976. Anayebisha aje na hoja, na ambaye mzazi wake aliuza kahawa, pamba au korosho miaka ile atuambie alilipwa nini, na lini.