Picha za karibu za wadudu na maua: ukali wa milimita moja mnaupeleka wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Jana nimepiga magoti zaidi ya saa nzima mbele ya kerengende mmoja. Nimerudi na picha 140, zinazofaa mbili. Nyingine zote ukali umeangukia kwenye bawa au kwenye kijiti alichokalia, macho yamefifia. Natumia lenzi ya makro kwa 1:1 (mdudu anaangukia kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi), tundu f/8 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa ya 36×24 mm. Hapo kina cha ukali, yaani eneo linaloonekana kali kutoka mbele hadi nyuma, ni kama milimita moja tu, na jicho la kerengende lina unene kuzidi hapo! Ninyi mnafanyaje? Leteni yaliyowakuta, hata ya kuharibu.

Umande
Pole mkuu. Mimi nilikimbilia f/22 nikidhani nimemaliza kazi. Kina kiliongezeka kweli, ila picha nzima ikapoteza ukali, hata pale nilipofokasi, kwa sababu mwanga ukibanwa kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Na ukiwa 1:1, kwa lenzi nyingi hiyo f/22 unayoisoma inafanya kazi kama f/44. Nilipoteza msimu mzima wa maua hivyo, na bado naumia nikizifungua zile picha. Sasa sizidi f/11, kwa nadra f/16. Ninachofanya ni kurudi nyuma kidogo. Mdudu akiingia kwa nusu ya ukubwa wake halisi badala ya 1:1, kina kinakuwa mara tatu kwa tundu lilelile. Kisha nakata kingo kwenye kompyuta. Pikseli zinapungua, lakini mdudu anaonekana mzima.

Bawa Bapa
Kabla ya kugusa tundu, angalia umekaaje. Miezi mingi nilikuwa nampiga kipepeo aliyefumba mabawa nikiwa nimesimama juu yake kidogo, f/16, na ncha za bawa hazitoki kali. Siku moja nikalala kifudifudi, mgongo wa kamera ukawa sambamba na bawa. f/5.6 ilitosha! Bawa zima kali hadi magamba yake, na majani ya nyuma yakayeyuka.

Uyoga
Mimi naunganisha picha. Kamera kwenye stendi, nasogeza fokasi kidogokidogo kutoka mbele hadi nyuma, picha 30 hivi kwa f/5.6, kisha programu inachukua sehemu kali za kila moja. Kwa uyoga na mbegu hakuna kinachoshinda njia hii. Kwa kitu hai ni shida: nyigu wangu alitoka na vipapasio vinne, maana alivichezesha katikati ya kazi. Wadudu nawafuata alfajiri tu, wakiwa bado na baridi na umande mgongoni. Upepo ukianza nafunga virago.

Petali
Natofautiana kidogo. Kwa maua nafungua f/2.8 makusudi. Ukingo mmoja wa petali ukiwa mkali, mengine yawe rangi tu. Hiyo milimita tunayoilalamikia mimi naipenda.

Mwenye mada
Bawa Bapa, asante sana. Leo asubuhi nimelala chini, kerengende nikamchukua ubavuni. Fokasi nimeifunga, nikawa nayumba mbele na nyuma taratibu huku nikipiga mfululizo. Picha 60, kumi na moja zina jicho na bawa kwa pamoja. Ila kwa f/11 mwanga haunitoshi. Wanaotumia flashi, mnailainisha kwa kitu gani ili macho yasing'ae kama kioo?