Wanaume wawili kutoka Kisumu na Nakuru: je, tutalala salama katika Mji wa Kale wa Mombasa?

Mwana wa Dunga (Kisumu)

Wanajukwaa, salamu. Mwenzangu anafanya kazi Nakuru nami niko hapa Kisumu, na likizo ya Agosti tunanuia kuitumia Mombasa. Haja yetu si klabu wala ufuo. Yeye ni mwalimu wa historia ambaye kwa miaka mingi amewafundisha wanafunzi habari za Wareno na Waomani bila kuitia Ngome ya Yesu machoni, na sasa anataka tulale ndani ya Mji wa Kale wenyewe badala ya hoteli za Nyali.

Swali langu ni la mapokezini. Wanaume wawili wakiomba chumba kimoja, wataulizwa nini? Hapa Kisumu tumezoea kusema kwamba sisi ni binamu, lakini vitambulisho vinapotolewa, jina langu la Kijaluo na lake la Kikikuyu hayausaidii sana uongo huo. Aidha, nimesikia kwamba tangu mwaka 2023 hali ya Mombasa imekuwa ngumu kwa wapenzi wa jinsia moja. Naomba majibu ya watu wanaoufahamu mji. Mahubiri tunayapata nyumbani.

Mtu wa Menengai (Nakuru)

Ndugu, nilifanya kazi Mombasa kabla ya kurejea Nakuru, na shida ya mapokezi naijua vizuri. Achaneni na ubinamu. Semeni ninyi ni marafiki, mmoja wenu mwalimu, mmekuja kuona Ngome, jambo ambalo ni kweli tupu, kisha ombeni chumba cha vitanda viwili. Mhudumu hana haja ya kujua zaidi, na walimu wawili wanaobana matumizi ni wageni anaowapokea kila likizo ya shule. Kinachozua maswali ni kuomba kitanda kimoja kikubwa, au kubishana pale kaunta huku watu wengine wakingoja nyuma yenu.

Kuhusu kulala ndani ya Mji wa Kale, fikirini kwanza. Ule ni mtaa wa watu na familia zao, wenye vichochoro ambamo mtu akikohoa roshani ya juu unamsikia, na siku ya pili tu muuza kahawa tungu atakuwa anajua mmelala nyumba ipi na mliamka saa ngapi. Hilo linampa mgeni usalama dhidi ya wezi, lakini linamnyima faragha. Kwa maoni yangu, chagueni nyumba ya wageni yenye mapokezi yake na wapangaji wengi, pembezoni mwa mtaa, mkiepuka ile ambayo mwenyewe anaishi ghorofa ya chini na wanawe. Ngome mtaifikia kwa miguu.

Vaeni suruali ndefu, msipige picha za akina mama waliovaa buibui, na mtaona kwamba watu wa pale ni wakarimu mno. Mtawaona pia vijana wa kiume wakitembea wameshikana vidole. Ni urafiki tu, na hakuna anayeshtuka, lakini wao wanajulikana na kila mtu mtaani hali ninyi hamjulikani, kwa hiyo msiwaige.

Mwalimu naye nimpe kidogo. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, na ndani ya jumba la makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama karibu na kuta hizo mwaka 1697. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ataona pia ukutani michoro ya meli iliyochorwa na Wareno wenyewe, na hapo atawasahau nyote. Tengeni asubuhi nzima.

Wakili Chipukizi (Kisumu)

Ningependa kuongeza la sheria, kwa sababu wengi huogopa lisilokuwepo na kupuuza lililopo. Vifungu vya 162, 163 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyoharamisha ngono ya wanaume kwa wanaume, bado vinatumika. Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019, na adhabu chini ya kifungu cha 162 inaweza kufika miaka 14. Hata hivyo, kinachoadhibiwa ni tendo. Kuwa mpenzi wa jinsia moja si kosa, wala wanaume wawili kulala chumba kimoja si kosa, ama sivyo wachezaji wote wa mpira wa shule wangekuwa gerezani.

Mkikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Uchunguzi wa nguvu wa sehemu za siri, uliowahi kufanywa huko huko Pwani, ulitangazwa kuwa kinyume cha sheria na Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa mwezi Machi 2018. Hifadhini nambari ya wakili kichwani, kwa maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Hatari kubwa zaidi, kwa wateja niliowaona, haitoki mahakamani. Kijana mmoja wa kutoka Kisii alikutana na mtu kupitia programu ya kutafutia wachumba, akaalikwa nyumbani, na kabla hajamaliza soda wakaingia wanaume wawili waliojiita polisi, wakamtaka atume fedha kwa M-Pesa la sivyo wampigie mamake. Alituma, wakarudi kudai tena kesho yake. Ninyi mnasafiri wawili, hamna haja ya programu hizo. Zifuteni kabla ya kupanda gari.

Nafula (Bungoma)

Wenzangu wanazungumza kana kwamba kitambulisho ni jina tu. Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia, na kitambulisho changu bado kinaniita mwanamume. Tiketi ya treni ya Nairobi hadi Mombasa hukatwa kwa nambari ya kitambulisho, nacho hutazamwa tena kituoni kabla ya kupanda, pamoja na ukaguzi wa mizigo na wa mwili. Askari alitazama kadi, akanitazama, akaitazama kadi tena, halafu akamwita mwenzake, huku foleni nzima ikinikodolea macho. Kesi ya mwaka 2014 ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia kama mimi, ilifungua njia ya kurekebisha jina kwenye cheti cha mtihani, lakini askari wa langoni hasomi vyeti vya mtihani. Tangu siku hiyo husafiri kwa basi la usiku. Ninyi wawili treni haitawasumbua, ila atakayesoma uzi huu akiwa na hali kama yangu afike mapema sana au apande basi.

Mzaliwa wa Kuze (sasa Manyatta, Kisumu)

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Muislamu, na sitawaficha kwamba dini yangu hailikubali jambo hili. Lakini mgeni ni mgeni, na swali limeulizwa kwa adabu.

Mwezi Septemba 2023, Mahakama ya Upeo ilipokataa kuupitia upya uamuzi wake wa Februari ulioruhusu shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja kusajiliwa, watu waliandamana Mombasa, nao walikuwa majirani zangu. Mwaka 2010 kule Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili ulitosha umati kuvamia kituo cha afya. Nayasema haya ili mjue kwamba kinachowasha moto kwetu ni habari kuenea, hasa pale viongozi wanapokuwa wamelisemea jambo wiki hiyo. Kabla ya kuondoka Kisumu, sikilizeni redio za Pwani siku mbili tatu. Mkisikia maandamano yametangazwa, ahirisheni safari.

Ijumaa adhuhuri msizurure mitaani. Nendeni Ngomeni, kumetulia. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, utazameni kutoka nje, na mkitaka kuingia popote ulizeni kwanza.

Mwana wa Dunga (Kisumu)

Nawashukuru nyote, na Mzaliwa wa Kuze zaidi, kwa kujibu licha ya msimamo wake. Tumekubaliana vitanda viwili. Limebaki moja: picha. Mwenzangu hupenda kuziweka mtandaoni papo hapo.

Mtu wa Menengai (Nakuru)

Aziweke mkisharudi Nakuru, na zile mlizopiga pamoja aziache simuni. Ya mzinga wa Ngomeni peke yake inatosha kwa wanafunzi.