Mrejesho: VPN ya Wi-Fi za mjini

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza VPN ipi (programu inayosimba mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva zake) ni ya kuaminika kwenye Wi-Fi za migahawa ya Posta na Mlimani City, Dar.

Zile za bure zisizojulikana mmiliki nimezifuta. Mwenye VPN anaweza kuona tovuti unazofungua, kwa hiyo unahamisha imani tu kutoka kwa mwenye Wi-Fi kwenda kwake. Zilibaki Mullvad, yuro 5 kwa mwezi na haiulizi hata barua pepe, na Proton VPN, ambayo toleo lake la bure halina kikomo cha data. Msimbo wa programu zote mbili uko wazi, yeyote anaweza kuukagua. Nimechukua Proton, mfuko ndio umeamua.

Shughuli iko kwenye Android: VPN ikikatika, simu inarudi kimyakimya kwenye Wi-Fi tupu. Ingia mipangilio ya VPN, gusa alama ya gia kando ya jina la VPN yako, washa iwake muda wote na izuie muunganisho wowote nje ya VPN. Kisha, kwa tovuti ya majaribio, pima uvujaji wa DNS, yaani maulizo ya anwani za tovuti unazofungua yanayopita nje ya VPN. Ukiona seva za mwenye Wi-Fi, bado inavuja. App ya benki ikigoma kwa sababu VPN inakuonyesha uko nje ya nchi, zima VPN, ule uzuiaji na Wi-Fi kwa muda, tumia bando.

Na usajili wa matumizi ya VPN uliotangazwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Oktoba 2023 msiupuuze.