Naomba ushauri: shahada kwa masafa nikiwa kazini huku kijijini

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Rukwa, nina stashahada na umri umeshavuka miaka 40. Nataka kusoma shahada ya elimu bila kuacha kazi, na macho yangu yako Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nakipenda kwa sababu kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, wenye kazi, watoto na mashamba, na kina vituo mikoani, kwa hiyo mtihani sitaufuata Dar es Salaam.

Kinachonisumbua ni usomaji wenyewe. Masomo mengi yako mtandaoni, na huku kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Usiku ndipo unapokamata vizuri, lakini usiku huohuo ndio nasahihisha madaftari. Mliosoma mkiwa vijijini, mlikuwa mnapakua notisi zote mkienda mjini? Bando la mwezi lilifika shilingi ngapi? Na ruhusa ya kipindi cha mitihani mliiombaje kwa mwajiri?

Wapo wanaonishauri nichukue likizo bila malipo nikasome chuo cha kukaa hosteli. Hapana, watoto wa darasa langu ni wengi na wa kuziba pengo hayupo.

Halafu ada, hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Nisajili kozi chache chache kila mwaka kadiri ya mshahara, au nikope nimalize mapema? Walimu wenzangu hasa, naombeni uzoefu wenu.