RAID 1 ya softwea kwenye seva ya kori 16: mdstat inasema safi, data zimeharibika, fundi anasema nipuuze!!

Wakuu heshima zenu, nina hasira hapa mpaka mikono inatetemeka. Ofisi imeuziwa seva, prosesa ya kori 16, diski mbili zimefungwa RAID 1 ya Linux (kila data inaandikwa kwenye diski zote mbili, na programu inayofanya hivyo inaitwa md), muuzaji akatuapia hata diski moja ikifa nyie mnaendelea kupiga kazi. Sasa diski haijafa hata moja! /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, ni [UU] (diski zote mbili ziko kazini) muda wote, ila ripoti ya stoo leo inafunguka kesho inagoma, ukiwasha upya inafunguka tena kama haikuwa yenyewe. Na ni lazima iwe hivyo, maana RAID 1 ikisoma hailinganishi diski mbili, inasoma kwenye mojawapo tu, ukiangukia nakala mbovu imekula kwako.

Nikachungulia mismatch_cnt (hesabu ya sehemu ambazo nakala mbili hazifanani) baada ya ule ukaguzi wa kila mwezi wa Debian, Linux tunayotumia, sio sifuri. Kumpigia fundi wa muuzaji ati "hiyo kawaida bosi, ni swapu, puuza". Manuali ya md kweli inaitaja swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kuwa chanzo cha namba hiyo, nimeisoma, lakini swapu yetu HAIPO kwenye hizo diski! Zilizopo ni mashine pepe (kompyuta za kisoftwea ndani ya seva) zinazoandika moja kwa moja bila kupitia kache ya seva mama, na hapo ndo balaa lenyewe, kwa sababu md haitoi kwanza kopi ya kinachoandikwa, inatuma oda mbili kwa ukurasa (kipande) uleule wa memori, diski ya kwanza inachota sasa hivi, ya pili inachota punde, na katikati hapo kori nyingine imeshaubadilisha ukurasa. Nakala mbili zinatofautiana na kerneli (kiini cha Linux) inakujibu imeandika vizuri kabisa. Hata kori moja inaweza kufanya hivyo, ila kori 16 zikikimbizana uwezekano unapanda. Mara nyingi ukurasa unaandikwa tena na tofauti inajifuta, sasa hebu umeme ukatike kabla (na kwetu hapa unakatika!!) uone.

Wala sio siri hii, watu wa kerneli wanaijua miaka. Anayeuza seva anakosaje kuijua?

Kilichonimaliza ni hiki: kijana wao kaja sipo, kaandika repair kwenye sync_action (faili la kuiamuru md isawazishe nakala), namba ikawa sifuri, kapiga picha kairusha kwenye grupu la WhatsApp "tayari wakuu". Tayari nini?? Repair ya RAID 1 inachukua nakala moja inafuta nyingine, haijui ipi sahihi, haina cheksamu (namba ya kuhakiki data) ya kuamulia, tofauti na mifumo ya faili ya ZFS na Btrfs ambayo inayo. Sasa ripoti haifunguki kabisa, diski zote mbili zimekubaliana uongo mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa na nafasi ya kuzitenganisha nikasoma moja moja, kaniua nayo.

Kilichotuokoa ni bekapu ya usiku, ambayo huyohuyo muuzaji alituambia ya nini wakati mna RAID. Mauzo ya siku nzima watoto wa stoo wameyaingiza upya kutoka kwenye risiti.

Aliyehamisha mashine pepe kutoka md kwenda ZFS kwenye seva yenye RAM ya GB 32 aje anipe uzoefu, hasa databesi haziwi nzito? Na wale wa "hamia Windows" piteni kimya leo.

Halafu jamaa ametuma ankara ya matengenezo. Silipi.