Kazi za bustani kabla ya masika, na tawi moja linalonisumbua: naomba ushauri

MjaWaOle
Assalaam alaykum wana ukumbi. Niko Pemba, kijijini, nyumba ya marehemu baba. Kaskazi ndiyo hiyo inamalizia, usiku hakulaliki kwa joto, na masika hayako mbali. Nyuma ya nyumba nna kiwanja kidogo: mndimu, mkomamanga, mipapai mitatu, migomba iliyosongamana, asumini ya mama ukutani, na matuta ya mchicha.

Shemeji yangu aliyeko Uingereza kanitumia orodha ya kazi za bustani za mwisho wa baridi. Kupogoa mawaridi, kupogoa miti ya matunda kabla haijachipua, kuotesha nyanya ndani ya nyumba, kunoa vifaa, kutia mbolea. Nataka niifuate kabla mvua haijanikuta. Nianze na lipi? Na kuna tawi moja linaziba jua upande wa matuta, nataka kulipunguza. Nitumie msumeno gani? Nijibuni upesi, nna siku chache tu.

BiMkumbi
Waalaykum salaam mwanangu. Hiyo orodha mrejeshee shemejio kwa heshima. Kule mti wa epo unapogolewa Februari kwa sababu umelala, hauna jani hata moja, na macho yake hayajafumbuka. Mndimu wako haulali mwaka mzima, utakuwa unamkata mtu macho wazi. Ondoa vijiti vikavu, machipukizi yanayotoka chini ya shina, na matawi yanayosuguana. Basi. Panga ulifute kwa jiki kabla hujatoka mti huu kwenda mwengine, maradhi husafiri na chuma.

Migomba kila shina libakishe mama, mtoto na mjukuu, waliobaki ng'oa. Mashimo ya migomba mipya uchimbe sasa ardhi ikiwa kavu, uweke samadi ya zamani ioane na udongo kabla ya mvua. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Na nakuomba, majani usiyachome! Yatandaze chini ya mipapai, ila yasiguse shina.

FundiPanga
Msumeno wa mkono unatosha kwa tawi. Kata kwanza kwa chini kidogo, halafu juu, la sivyo linachana ganda la mti mpaka kwenye shina. Mimi mwembe wa jirani uliniangusha mchana wa Ramadhani, watu wakanijia mbio wananiuliza kama nimefungua. Mguu umevunjika, wao wanauliza saumu 😂

MjaWaOle
Ahsante Bi Mkumbi. Fundi, msumeno wa mkono utachelewesha. Je, wa mashine?

JongooWaPwani
Tawi la mti gani hilo linalotaka mashine?

DadaAsumini
Mleta uzi, umesema asumini ya mama. Usiiguse sasa ikiwa inatoa maua, subiri ipumzike ndiyo uipunguze kwa mkasi. Mama yangu alitusomesha kwa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Alfajiri tunachuma asumini na kilua, rehani tunakata jioni, yeye anafunga, sisi tunakwenda kuuza kwenye maharusi kabla ya skuli ya jioni. Mpaka leo nikinusa kilua nasikia njaa, maana tulikuwa hatujala. Una mkilua hapo? Nimetafuta mche Mjini, wananionesha mimea siijui.

MkulimaMstaafu
Kijana, nyanya achana nazo. Nimekuwa bwana shamba maisha yangu yote. Nyanya ukizitia ardhini masika, jani linaanza doa la kahawia, wiki ya pili shamba zima kama limemwagiwa maji ya moto. Kitalu fanya mvua zikianza kupungua, ili miche iingie shambani kipupwe, anga ikiwa kavu na usiku una ubaridi. Masika ni ya matembele, mihogo, bamia, viazi vikuu. Mbegu ya muhogo chukua shina lililokomaa kutoka mti usio na majani ya batobato, tena pasua muhogo wenyewe utazame ndani: ukiona michirizi ya kahawia, usilichukue shina lake hata kwa bure. Vijana wa siku hizi mnataka nyanya kwa sababu ya picha. Muhogo haupigwi picha lakini ndio utakaokufuturisha.

MjaWaOle
Maalim, nyanya nishaotesha, miche imefika shibiri. Ndiyo maana nataka jua.

JongooWaPwani
Nimeuliza mti gani.

MjaWaOle
Mti mkubwa tu, wa zamani. Sioni kwa nini jina lake liwe muhimu. Kivuli ni kivuli.

BiMkumbi
Ni muhimu mwanangu. Ukiwa mwembe nitakwambia hivi, ukiwa mfenesi nitakwambia vile. Mwembe wenye maji moto, kwa mfano, wale chungu wekundu, nitakwambia uwaache, maana ndio walinzi wa minazi iliyo karibu. Sema.

MjaWaOle
Mkarafuu. Iko miwili. Imepandwa karibu karibu, ndiyo maana nikasema tawi, ukitazama kutoka mlangoni ni kama mti mmoja.

FundiPanga
Laa! Tawi limezaa miti miwili. Mimi nimetoka.

MkulimaMstaafu
Mkarafuu! Huo haukatwi bila kibali, hata ukiwa umeupanda kwa mkono wako. Unakwenda kwa sheha, watu wa kilimo wanakuja kutazama, ndipo kinazungumzwa kitu. Na mujue nyote, Pemba isingekuwa Pemba bila ya mti huu. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikailaza mikarafuu, huku kwetu hakikufanya madhara kama yale, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Kabla yake, Sayyid Said aliamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Leo mtu anataka kuikata apate kachumbari.

KilimoNiRaha
Samahani naingilia, makumbi ya nazi yanafaa kwenye ndoo za mchicha? Mie nakaa nyumba ya maendeleo, ghorofa ya tatu.

BiMkumbi
Yanafaa, yachambue uyaroweke kwanza. Ndoo itoboe chini.

JongooWaPwani
Mleta uzi, la mwisho kutoka kwangu. Hiyo mikarafuu ni ya nani? Nyumba ya baba tumeisikia. Miti je?

MjaWaOle
Iko ndani ya kiwanja chetu.

JongooWaPwani
Hapa visiwani ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti wa yule, unalijua hilo kunishinda. Ni ya nani?

MjaWaOle
Aliipanda bibi yetu, mama yake baba. Alipokuwa hai alimpa shangazi. Shangazi yuko Unguja miaka mingi, anakuja mara moja kwa msimu. Ardhi ni ya baba, na sasa ni yetu. Mizizi iko kwetu, majani yanaanguka kwetu, kivuli kiko kwetu. Na fundi wa msumeno nishampa arubuni, anakuja Jumamosi. Sikuja hapa kuuliza nikate au nisikate, nimeuliza namna.

Muungwana
Subhanallah. Mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama ni jani. Alichopewa na mzazi wake kwa hiba akakabidhiwa ni chake. Mche Mola wako, na shangazi ni baba wa kike.

DadaAsumini
Mimi shangazi yangu alichukua kitanda cha mama siku ya tatu ya matanga. Si kila shangazi ni baba, wengine ni dalali.

KijanaWaDarajani
Jamani mnapigwa. Hii ni CHAI, tena ya maziwa na iliki. Hesabuni wenyewe: kwanza tawi, halafu mti, halafu miwili, halafu shangazi, halafu fundi keshalipwa. Kesho kutwa atatuletea jini anaishi juu yake. Na nani Pemba anafuata orodha ya mawaridi ya Uingereza? Huyu yuko ng'ambo, anajipashia baridi na nyinyi. Kama kweli uko Ole, sema karafuu za msimu uliopita zilianikwa wapi na mchumaji alilipwaje. Mtu wa Pemba hakosi hilo.

FundiPanga
Nimerudi. Nimekaa paleee na kashata zangu.

MjaWaOle
Zilianikwa uwani kwangu, juu ya majamvi yangu. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, na pishi nilizipima mimi. Jioni tunachambua, konyo, vile vikonyo vya karafuu, mbali na karafuu mbali, mke wangu na watoto, mikono inanuka wiki nzima. Usiku naamka kuzitazama, maana wezi wa karafuu mbichi hawasubiri zikauke. Mvua ya ghafla ilipokuja saa nane usiku ni mimi niliyekimbia kuzifunika zisije zikawa mpeta, karafuu zilizoharibika. Zilipokauka shangazi kashuka bandarini, kapakia magunia, kauza, karudi. Aliniachia kanga moja ya mke wangu na pesa ya sukari. Shukurani ya punda mateke. Na huu si msimu wa kwanza. Sasa kama ni chai, njoo uinywe hapa kwangu.

KijanaWaDarajani
Haya, mpeta umenimaliza. Huyu ni wa huko. Naondoa neno langu, lakini kumbe uzi haukuwa wa bustani.

BiMkumbi
Kumbe ndivyo. Ungelisema mwanzo nisingehangaika na mndimu. Sasa nisikilize. Ukiikata hutopata ujira wako wa misimu iliyopita, na unaipoteza ya mbele. Mche wa mkarafuu unakaa miaka sita, saba na zaidi kabla hujauona ukizaa vizuri. Mpigie shangazi kabla hajapanga safari ya msimu ujao, umwambie: mwaka huu uangalizi una bei, pishi kadhaa zangu, au lete mlinzi wako na majamvi yako. Sema mbele ya sheha au mbele ya wazee wa mtaa. Utaona kama hatokubali.

MjaWaOle
Bi Mkumbi, kwa heshima yako, hilo nimeshalifikiria. Akinikubalia mbele za watu, nyuma atasema namdai damu yangu. Mtu huyu ndiye aliyenifunza Alifu na Be. Siwezi kumtajia bei. Ni rahisi kwangu kusema miti ilikuwa inaziba jua.

JongooWaPwani
Yaani kumwomba pishi tano ni aibu, kumkatia mikarafuu miwili si aibu?

MjaWaOle
Kivuli ni kweli kipo. Miche ya nyanya inarefuka, imekuwa myembamba kama uzi. Njoo uone.

MkulimaMstaafu
Miche ihamishie mbele ya nyumba kwenye ndoo, itapata jua la asubuhi. Tatizo limekwisha. Na uikinge na makonokono, mvua ikianza wanatoka usiku na hawabakishi kitu.

Muungwana
Mwenye nambari ya shangazi ampigie jamani.

DadaAsumini
Mumuache shangazi wa watu. Bado sijajibiwa kuhusu mkilua.

MjaWaOle
Mkilua upo, dada, karibu na kisima, ukija Pemba nitakupa mche. Na mwengine asinipigie kelele: sheha kapata habari, sijui kwa nani. Fundi naye kaniambia hawashi mashine bila ya karatasi, na arubuni harudishi, keshainunulia mafuta.

JongooWaPwani
Shangazi umemwambia?

MjaWaOle
Nimepiga mara mbili. Hakupokea. Pengine yuko madrasa, saa hizi anasomesha.

BiMkumbi
Piga baada ya isha. Na huyo fundi kama harudishi pesa, Jumamosi aje na jembe badala ya msumeno, akuchimbie mashimo ya migomba. Futi mbili kwenda chini, udongo wa juu auweke upande wake.