Naombeni ushauri: kokteli ya tango inatoka chungu na inajitenga, Jumamosi nina wageni

BintiShangani
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, jambo lenyewe wengine wataliona dogo ila kwangu ni kubwa.

Nipo Mtwara mjini, Shangani. Jumamosi kaka yangu anarudi nyumbani baada ya miaka 4 ya kazi huko Mwanza, na tutakuwa watu kama 20. Kaskazi imeshaanza kuvuma, joto la mwezi huu mnalijua, watu wanalala barazani. Sitaki kuwapa soda na bia tu kama kila shughuli. Nataka kile kinywaji cha tango nilichokunywa kwenye harusi Dar mwaka jana: kijani chepesi, baridi, harufu ya tango unaipata kabla glasi haijafika mdomoni.

Jumapili nikajaribu. Nilichukua matango 5 sokoni, nikaosha, nikakatakata na maganda yake, nikasaga kwenye blenda na vikombe 2 vya maji, sukari, na ndimu 2 nzima nzima. Nikachuja, nikatia konyagi, nikaweka kwenye friji. Nilipotoa baada ya saa 2 nikakuta juu povu zito la kijani, chini maji meupe, na sukari imetuama kwenye kitako cha jagi. Uchungu wake unakaa kooni. Mdogo wangu alionja funda moja akaenda kusukutua.

Nakosea wapi? Na jambo la pili: wakwe wa kaka watakuwepo, ni wazee wa Mikindani, watu wa swala tano, kilevi hawagusi. Nataka nao wanywe kitu chao kizuri cha tango, wasijione wametengewa makombo ya sherehe.

KijanaWaLigula
Dada, chukua Sprite, katia vipande vya tango, tia konyagi, barafu, basi. Unajitesa bure.

BintiShangani
Asante kaka, nimewahi kunywa hiyo. Tango linaelea tu, ladha yake huipati. Nataka tango lenyewe lisikike.

BustaniLukuledi
Mimi nalima matango bondeni huku Lindi, acha nianze na uchungu.

Tango lina kitu kinaitwa kukabitasini, ndicho kinacholeta uchungu. Mmea unakitoa kwa wingi ukipata shida: jua kali, maji ya kuruka ruka, leo unanyweshwa kesho umesahaulika. Kipindi hiki mvua hazijakolea, mashamba mengi ni ya kumwagilia kwa ndoo, kwa hiyo matango machungu ni mengi. Uchungu huo unakaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Wewe umesaga vyote pamoja, lazima ikushinde.

Ukifika sokoni usichague makubwa yaliyoanza kupiga manjano. Chukua ya wastani, magumu ukiyabonyeza, yenye kijani cha kushiba. Nyumbani kata kipande cha vidole viwili upande wa kikonyo, utupe. Halafu onja kila tango, kila moja, usionje moja ukayaamini yote. Moja tu chungu linaharibu jagi zima. Lile ambalo ni chungu kweli kweli usilifiche kwa sukari, litupe, maana kukabitasini ikizidi inasumbua tumbo, inatapisha.

Ule mtindo wa kukata ncha na kusugua mpaka litoe povu jeupe, bibi zetu wote waliufanya. Usiutegemee. Kinachosaidia ni kile kipande unachokitupa.

MamaWaMitwero
Mwanangu, umepata mkulima, nami nikwambie ya jikoni.

Usitie maji. Tango lenyewe ni maji, karibu 95 kwa 100. Ukiongeza vikombe 2 unakunywa maji yaliyopitiwa na tango. Limenye, lipasue katikati kwa urefu, pitisha kijiko utoe zile mbegu na ute wake, maana ule ute ndio unaokutengenezea povu. Kisha blenda iende kidogo tu, ihesabu mpaka 15 uzime. Ukiisaga muda mrefu inaingiza hewa na kupata joto, povu linazidi.

Sasa kuchuja. Chujio la chai halitoshi. Mimi natumia kifumbu, kile kile cha tui, lakini kiwe chake peke yake, kisije kikakupa harufu ya nazi iliyochacha. Kama huna, kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Mimina, acha ijichuje yenyewe dakika 10, ndipo ukamue polepole kwa mkono. Utaona inatoka juisi angavu, kijani kama jani changa la mgomba ukilitazama dhidi ya jua. Matango 3 ya kawaida hunipa karibu nusu lita. Ukitaka rangi zaidi, acha mstari mmoja wa ganda kwa kila tango ambalo umelionja ukaridhika nalo.

Sukari usiitie mbichi kwenye kitu cha baridi, haiyeyuki. Pika shira. Kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ikishayeyuka na kuchemka mara moja ipua, si shira nzito ya kalimati. Iache ipoe kabisa.

BintiShangani
Mama, shikamoo. Kifumbu kipo, sikukifikiria kabisa! Na kwenye shira naweza kutia kitu cha harufu? Mnanaa nimeutafuta sokoni siku 2 sijaupata.

MamaWaMitwero
Marahaba. Tia mchaichai. Mabua 3, yaponde kwa mchi, yachemke humo humo kwenye shira, zima moto, funika nusu saa, chuja. Ukiwa na mrehani uani, majani machache juu ya glasi yanatosha, uyapige kofi mara moja kati ya viganja ndipo uyaweke. Usiyatwange.

FundiGlasi
Nimechelewa lakini nina la kuongeza. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka 9, Dar na sasa Lindi, na hicho kinywaji nimekitengeneza mara nyingi mno.

Kosa lako kubwa, dada, ni kuchanganya kila kitu mapema. Ndimu ina asidi. Ukiitia kwenye juisi ya tango na kuiacha, kile kijani kinakufa, kinageuka rangi ya majani makavu, na yenyewe ndimu ikishakamuliwa ikakaa saa kadhaa inapoteza uchangamfu. Pia umeisaga na ganda, na uchungu wa ganda la ndimu na mbegu zake ukikutana na wa tango, hapo hakuna sukari itakayoukomboa. Kwa hiyo: juisi ya tango chombo chake, shira chombo chake, ndimu zikamuliwe siku ile ile wageni wakiwa njiani, pombe ikae kwenye chupa yake ndani ya friji. Vinakutana mwishoni.

Glasi moja mimi naipima hivi: juisi ya tango vijiko 6 vya mezani, ndimu ndogo moja iliyoiva, shira kijiko kimoja na nusu halafu uonje, konyagi toti moja na nusu yaani mililita 45, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi usiiache. Inaua uchungu uliobaki na kuliamsha tango. Jaza barafu, koroga mpaka glasi itokwe jasho nje, ndipo umalizie na soda ya maji, robo glasi. Soda ikitangulia ukakoroga, gesi yote imekwenda. Usitumie toniki, ile ina kwinini, ni chungu kwa asili yake.

Kwa nini konyagi: ladha yake iko karibu na jini, yaani gin, na jini na tango ni marafiki wa zamani. Waingereza wana Pimm's, pombe yao wanayoitia vipande vya tango, na jini ya Hendrick's ya Uskoti iliingia sokoni mwaka 1999 ikiwa na tango ndani yake. Rum nyeupe inafaa pia. Wiski usijaribu, italifunika.

Konyagi ni asilimia 35. Kwa kipimo hicho glasi inakuwa na nguvu ya bia kali kidogo, na haisemi, inashuka kama maji. Wanaorudi na pikipiki wape glasi moja, basi. Chupa ya mililita 750 inakupa glasi 16.

KijanaWaLigula
Mkuu, chupa 2 za konyagi hela hiyo si ndogo. Msimu wa mabibo ya korosho ndio huu, uraka, pombe yake, upo, na ile ya kuchemsha ipo kwa bei ya kutupa. Si anaweza kuitia hiyo?

FundiGlasi
Hapana, kaka yangu, na naomba nisiwe na mzaha hapa. Uraka ni kinywaji chetu, unywe kama uraka, ila una ukakasi wa bibo unaokausha ulimi, na tango ni jepesi, litapotea. Ile ya kuchemsha ni gongo. Imepigwa marufuku kisheria, na hujui aliyeitega ametia nini. Ikiwa na methanoli ndani, mtu anapofuka au anakufa, na kwa kuionja huwezi kuijua. Umwalike mtu kwenye furaha yako umpe kitu ambacho hujui kina nini? Hela ikipungua, tengeneza glasi chache za konyagi, na nyingi zisizo na kilevi.

KijanaWaLigula
Nimekuelewa mkuu. Nimelichukulia kwa wepesi.

Mikindani_Kwetu
Nimekuja kwa ajili ya hao wazee wetu. Dada, kwanza wao wahudumiwe mwanzo, kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Jagi lao, glasi zao, kijiko chao, hata kifumbu uchuje ya kwao kwanza. Usiseme utasuuza. Mzee akiona jagi moja limetoka chumba kimoja na chupa, hatasema neno, atashika tu glasi na hatakunywa.

Na usiwapunguzie kitu kwa kutoa pombe tu. Pale kwenye konyagi weka maji ya dafu. Tango, dafu, ndimu, shira ya mchaichai, chumvi kidogo. Madafu tunayo kila kona, ya kusini matamu hasa, kwa hiyo shira punguza mpaka kijiko kimoja. Mimi nikiwa na hiyo mbele yangu, hiyo nyingine siiulizii.

BintiShangani
Umenigusa sana hapo kwenye mzee kushika glasi. Nitafanya hivyo hivyo. Swali la mwisho: barafu. Jirani anauza za mifukoni, na umeme huku ukikatika jioni sijui nitafanyaje.

MamaWaMitwero
Za jirani tumia kwenye beseni la kupozea chupa, usiitie ndani ya glasi kama huna hakika na maji yake. Kugandisha hakuui vijidudu, maji yakiyeyuka navyo vipo. Zako gandisha kwa maji yaliyochemshwa, anza Alhamisi, kila zikiganda zihamishie kwenye mfuko ugandishe nyingine. Sehemu ya madafu igandishe nayo kwenye vyombo vya barafu. Ikiyeyuka ndani ya glasi haizimui ladha. Umeme ukikatika, friji usiifungue fungue.

FundiGlasi
Kwa watu 20, glasi 2 kila mmoja, andaa matango 25, ndimu 40 maana za kwetu ni ndogo, na shira ya vikombe 3 vya sukari kwa 3 vya maji. Matango ya akiba 5, kwa yale utakayoyatupa.

BintiShangani
Wakuu, nimerudi. Leo Jumapili, nyumba bado imejaa viti vya kukodi.

Kati ya matango 30 nilitupa 4, mawili kati ya hayo yalikuwa mazuri kwa macho kuliko yote. Nilionja kila moja kama alivyosema BustaniLukuledi, mpaka ulimi ukachoka nikampa mdogo wangu kazi hiyo. Kifumbu kilitoa juisi ambayo sikuamini ni ya tango lile lile la Jumapili iliyopita, nyembamba, safi, hakuna povu. Wazee waliletewa kwanza, jagi la dafu na tango, jani la mrehani juu. Baba mkwe alikunywa glasi ya kwanza bila kusema, akainyoosha tena. Ya tatu aliniuliza, "Mwanangu, hii ni tango hili hili la kachumbari?" Mama mkwe ameondoka na mabua ya mchaichai mkononi.

Kwa upande wa pili chupa 1 ilitosha, ya pili haikufunguliwa, kwa sababu watu walihamia jagi la dafu wenyewe. Kaka alikunywa zote mbili, kasema Mwanza walikuwa na samaki, hiki hawakuwa nacho.

FundiGlasi
Hongera dada. Kuna iliyobaki?

BintiShangani
Ilibaki nusu jagi ikiwa imeshatiwa ndimu, nikailaza kwenye friji. Asubuhi nimeikuta ina rangi ya majani makavu, kama ulivyosema. Ila juisi tupu ya tango, ile ambayo sikuichanganya na kitu, mpaka mchana huu bado ni ya kijani. Nakamua ndimu sasa hivi.